Canon, Nikon au Sony: Hesabu ya Kamera ya Kwanza Mkoani Singida

Alizeti ikishauzwa, Singida huingia msimu wa harusi, sendofu, kipaimara na mahafali. Huo ndio wakati kijana mwenye nia ya kupiga picha hushika fedha ya kununua kamera ya kwanza, na fedha yenyewe hairudi mara ya pili mwaka huohuo. Ushauri ndio haupungui. Mwenye studio mjini atasema Canon. Aliyerudi kutoka chuo Dodoma atasema Sony. Dalali wa Kariakoo atasifu kilichomo kabatini mwake, chochote kile. Mjumbe wa kamati ya harusi atainua simu yake na kuuliza kamera ya nini tena.

Wote wanne wana picha za kuthibitisha, na hapo ndipo mnunuzi anapopotelea. Akiuliza kampuni ipi ni bora, hapati jibu la kumsaidia, maana kampuni kubwa zote zinatengeneza kamera zinazoweza kutoa picha ya kutundikwa sebuleni. Wanachobishania washauri wake hasa ni mambo mengine: lenzi na flashi zitatoka kwa nani, kazi ipi italipa, na kamera ikizima Ijumaa jioni nani ana nyingine ya kuazima kabla ya harusi ya Jumamosi.

Jina lilivyopata uzito

Enzi za mkanda, jina la kamera halikumfunga mtu sana. Mkanda wa milimita 35, uwe wa Kodak au wa Fuji, uliingia kwenye Zenit ya Kirusi, kwenye Yashica na kwenye Nikon vilevile. Ubora wa picha uligawanyika kati ya lenzi, mkanda na mikono ya aliyeusafisha. Kamera ya dijitali iliumeza mkanda. Sensa, ambayo ndiyo mkanda wa leo, imefungwa ndani ya kamera na haibadilishwi. Ukinunua kamera umenunua na mkanda wake wa maisha.

Kilichobaki cha kubadilisha ni lenzi, na kila kampuni ina mdomo wake, yaani pale lenzi inapofungwa. Nikon ilianza na mdomo wa F mwaka 1959. Canon iliacha mdomo wake wa zamani na kuleta EF mwaka 1987. Lenzi ya mmoja haifungi kwa mwingine, kwa hiyo anayenunua mwili wa kamera anachagua pia ukoo wa lenzi atakaoishi nao.

Kisha simu zikaja. Mwaka 2010 kamera za dijitali zilizotoka viwandani duniani zilizidi milioni 121. Mwaka 2023 hazikufika milioni nane. Soko la chini likafa, na kampuni zikahamia kwa wanunuzi wenye fedha, kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, zinazoitwa mirolesi. Sony ilitangulia na mdomo wa E mwaka 2010. Canon na Nikon zilifuata kwa nguvu mwaka 2018, kila moja kwa mdomo mpya: RF kwa Canon, Z kwa Nikon. Kamera za kioo, zile DSLR ambazo kila studio inazijua, zikageuka mtumba wa dunia nzima.

Ndiyo maana anayeanza leo kwa fedha kidogo ananunua kitu ambacho viwanda vimekipa kisogo lakini masoko yamejaa. Wapo wanaoliona hilo kuwa hatari. Naona hofu hiyo imekuzwa: kamera ya kwanza ikipata kazi itarudisha gharama yake ndani ya misimu michache, na ikikosa kazi haitakuwa na maana kwamba mdomo wake una miaka ishirini mbele.

Canon na nguvu ya wengi

Hoja kubwa ya Canon haimo ndani ya kamera. Kampuni yenyewe hutangaza kwamba tangu mwaka 2003 imeongoza duniani katika mauzo ya kamera za kubadilisha lenzi, na matokeo yake yanaonekana kwenye ukumbi wowote wa harusi nchini: mikanda ya shingoni yenye neno Canon ni mingi kuliko mingine yote. Wingi huo ni mtaji. Betri, chaja, lenzi ya kuazima, flashi ya kukodi kwa siku moja, mtu wa kukuonyesha menyu: vyote hupatikana kwa majirani. Vijana wa bodaboda huchagua pikipiki kwa kuangalia spea zake zinauzwa wapi kabla ya kuangalia injini, na katika hili mpiga picha wa Singida hana sababu ya kuwa tofauti nao.

Kuna nguvu ya kiufundi pia. Kila lenzi ya EF, tangu ya kwanza ya mwaka 1987, ina mota ya kufokasi ndani yake. Lenzi ya zamani iliyosahaulika kwenye droo ya studio itafokasi yenyewe ikifungwa kwenye Canon 600D au 700D. Na ile ya milimita 50 yenye f/1.8, yaani tundu pana la kupitisha mwanga, toleo la STM la mwaka 2015 lililouzwa kama dola 125 ikiwa mpya, ndiyo njia ya bei ndogo ya kupata picha ya ukumbini usiku isiyo na giza, na ya kuufanya ukuta uliochakaa nyuma ya bibi harusi upotee.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye ngazi ya chini kabisa, na hapa wanunuzi wengi huliwa. Namba za Canon hupangwa kinyume na akili ya kawaida: tarakimu moja, kama 5D au 6D, ni za juu; mbili, kama 60D au 70D, ni za kati; tatu, kama 600D na 700D, ni za anayeanza; nne, kama 1300D, 2000D na 4000D, ni za chini. Muuzaji anayesema 4000D ni kubwa kuliko 700D kwa kuwa elfu nne ni nyingi kuliko mia saba anauza hesabu, hauzi kamera. Tena 4000D ni ya mwaka 2018 na 700D ni ya 2013, kwa hiyo upya nao unamdanganya mnunuzi. Ile kongwe ina skrini ya kugeuza, tundu la maikrofoni na mfumo wa kutikisa vumbi kwenye sensa. Ile changa haina hata kimoja.

Lipo jambo baya zaidi. Kwenye 2000D, 4000D na 250D, Canon iliondoa pini ya katikati pale juu flashi inapokaa. Pini hiyo ndiyo iliyowasha flashi nyingi za kampuni nyingine na traiga za bei rahisi, zile za kuwasha flashi kwa mbali, na flashi hizo ndizo uti wa mgongo wa studio ndogo. Kijana ananunua kamera mpya ya kwenye boksi, anaazima traiga ya studio ya jirani, anabonyeza, taa haziwaki. Atafikiri flashi ni kimeo. Gharama ya uamuzi huo ikamwangukia yule ambaye hana fedha ya flashi ya Canon yenyewe. Kwa anayetaka kuishi kwa picha za sherehe, kasoro hii pekee inatosha kuzikataa kamera hizo tatu hata zikiwa mpya na zina dhamana.

Nikon kwa anayejitegemea

Mwenye Nikon husema picha zake ni bora, na kwa kamera za bei ya chini za miaka ya 2012 hadi 2018 ana haki. D3300 na D5300 zina sensa ya megapikseli 24 inayobeba mwanga mkali na kivuli kizito katika picha moja vizuri kuliko Canon 600D, 700D na 1300D za wakati huo. Singida jambo hili si la maabara. Jua la saa saba mchana kwenye uwanda ulio karibu mita 1,500 juu ya bahari hukata uso vipande viwili, na bibi harusi mweusi ndani ya shela jeupe ni mtihani mgumu wa sensa yoyote. Ukilinda shela lisiungue, uso unazama gizani. Ukija kuunyanyua uso kwenye kompyuta, sensa dhaifu hutoa chembechembe na mistari, ile ya Nikon hutoa uso. Faida hii ina sharti lake: picha zipigwe kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera, na mpiga picha awe na kompyuta ya kuzichakata. Anayepiga JPEG na kurusha kwa WhatsApp palepale hataiona tofauti.

Faida ya pili ni betri. Kwa vipimo vya kiwandani, D3500 hupiga picha kama 1,550 kwa chaji moja, Canon 2000D kama 500. Anayekwenda kupiga mahafali kijijini Mkalama, asubuhi hadi jioni, anajua maana ya tofauti hiyo.

Lakini Nikon nayo ina mtego wake, na unanasa wanaofuata bei. Kamera za ukoo wa D3000 na D5000 hazina mota ya kufokasi ndani ya mwili. Lenzi za zamani za AF na AF-D, zile zinazouzwa mtumba kwa bei ya kuvutia, zitafungwa vizuri na kupiga picha, ila hazitafokasi zenyewe. Itabidi kuzungusha kwa mkono huku maharusi wanatembea. Mnunuzi wa Nikon hizo atafute lenzi zenye alama ya AF-S, au AF-P kwa kamera za karibuni, ama apande hadi D7000 na ndugu zake zenye mota. Lenzi ya AF-S ya milimita 35 yenye f/1.8 ndiyo inayoshika nafasi ya ile 50 ya Canon, nayo ilitoka mwaka 2009 kwa dola 200 hivi, ghali kuliko ya Canon. Kuhusu upya, hadithi ni ileile: D3400 na D3500 zilipoteza tundu la maikrofoni na kusafisha sensa, vitu ambavyo D3300 iliyotangulia ilikuwa navyo.

Udhaifu mkubwa zaidi ni upweke. Anayetumia Nikon kati ya wenzake wanaotumia Canon anabeba kila kitu mwenyewe, na siku lenzi yake ikianguka hakuna wa kumkimbilia.

Sony na wanaotazama mbele

Hoja ya Sony ni kwamba mirolesi ndiyo njia dunia inakokwenda, na katika video hoja hiyo ina nguvu. Kamera kama ZV-E10 ya mwaka 2021 hufuata uso wa mtu bila kupotea, ina tundu la maikrofoni, na mdomo wa E umefunguliwa kwa Sigma, Tamron na wengine, hivyo lenzi ni nyingi na zinashindana kwa bei. Kwa muda mrefu Canon iliwabana watengenezaji wengine wasiweke lenzi zenye kufokasi kwenye mdomo wake wa RF, na ni mwaka 2024 tu ndipo Sigma na Tamron zilipotangaza lenzi zao za kamera ndogo za RF kwa idhini yake.

Gharama ndiyo kikwazo. ZV-E10 ilitoka kwa dola 700 bila lenzi, na lenzi za ukoo huo, hata za mtumba, kwa kawaida hukamua mfuko kuliko za EF. Kamera hiyo haina tundu la kuchungulia, na anayepiga picha nje saa sita mchana kwenye mawe ya mjini Singida atakuwa anatazama skrini inayorudisha anga na sura yake mwenyewe. A6000 ya mwaka 2014 inalo tundu hilo na bei yake imeshuka, lakini haina pa kuchomeka maikrofoni ya kawaida na betri yake ni ya picha 360 hivi. Anayenunua Sony iliyotoka soko la Japani aiwashe kwanza, kwa kuwa nyingi kati ya hizo zina menyu ya Kijapani peke yake. Canon za Kijapani nazo hubeba majina tofauti, Kiss X5 ikiwa ndiyo 600D na Kiss X7i ndiyo 700D. Hazina ubaya, ila mtu asiuziwe kama kamera ngeni ya ajabu.

Ukoo mpya nao hufa, tena mapema. Canon yenyewe ilianzisha mdomo wa EF-M mwaka 2012, ikauza M50 kwa wingi, kisha ikaufunga mwaka 2023, na lenzi zake hazifungi kwenye RF. Sony ilirithi mdomo wa A kutoka Konica Minolta, nao umeachwa. Kamera za mistari hii miwili huonekana sokoni zikiwa safi na za bei poa kuliko wenzao wa rika moja, na sababu ya upoa huo ndiyo hiyo.

Hoja ya simu

Mjumbe wa kamati hajakosea kabisa. Picha za paspoti saizi, ambazo zamani zilitosha kulipa kodi ya chumba cha studio, simu inazipiga vizuri ukiwa na ukuta safi na mwanga wa dirisha. Simu inashindwa palipo na giza, umbali na mwendo: mchezaji wa Ligi Kuu upande wa pili wa Uwanja wa Liti, ndege wa Ziwa Singidani, maharusi wanaoingia ukumbini taa zikiwa zimezimwa kwa amri ya MC. Asiyekusudia kupiga vitu hivyo hana haja ya kamera bado, na fedha yake ingefaa zaidi kwenye printa.

Vumbi, umeme na umbali

Mabishano mengi ya kamera yameandikwa na watu wa miji yenye baridi na mafundi wa jirani. Singida inaingiza mambo matatu kwenye hesabu.

La kwanza ni vumbi. Mvua hunyesha msimu mmoja, kati ya Novemba au Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ukavu na upepo, na ndiyo hiyo miezi ya sherehe. Kazi nyingi zaidi huja wakati hewa ni chafu zaidi. Kamera ya kioo, ukivua lenzi, sensa yake imejificha nyuma ya kioo na shata. Mirolesi nyingi za bei ya chini huiacha wazi, na doa moja likikaa litatokea kwenye anga ya kila picha. Kwa mtu atakayebadilisha lenzi nje huko Ikungi au Manyoni, hii ni sababu nzito ya kubaki na kioo, na ya kupendelea kamera yenye mtikisiko wa sensa, kama 600D, 700D na D3300, kuliko ndugu zao wapya waliopunguzwa.

La pili ni umeme. Mgao wa mwishoni mwa 2023 uliwakumbusha wengi kwamba chaji ya usiku si ya kuhakikishiwa. Hapa Nikon inaongoza, DSLR za Canon zinafuata na mirolesi ziko nyuma. Betri ya ziada hupunguza pengo, na za Canon ni rahisi kupata, ingawa feki ni nyingi na huvimba.

La tatu ni umbali. Kutoka Singida hadi Dar es Salaam ni kilomita 700 hivi. Kamera ikihitaji fundi wa shata, hupandishwa basi, na msimu unaweza kuisha ikiwa mezani kwa fundi. Hapo dhamana ya kamera mpya huonekana ndogo kuliko ilivyokuwa dukani, na rafiki mwenye mwili wa pili wa mdomo uleule huonekana mkubwa.

Mizani

Kwa anayeanza mjini, anayelenga sherehe na atakayekuwa msaidizi wa studio kabla ya kusimama mwenyewe, uzito unaangukia Canon ya kioo ya mtumba: 600D, 700D, au 60D na 70D fedha ikiruhusu, pamoja na lenzi ya 50. Anapoteza kidogo kwenye vivuli na betri, anapata lenzi za watu wengine, na kwa mwenye mfuko mdogo kuazima ni sehemu ya bajeti. Akikua, lenzi zake za EF zitafungwa kwenye mirolesi za RF kwa adapta bila kupoteza fokasi, kwa hiyo hata ile hofu ya ukoo kufa inapungua makali.

Kwa anayefanya kazi peke yake mbali na mji, Itigi au Nduguti, asiye na wa kumwazima, faida ya Canon karibu inatoweka. Huyo achukue Nikon D5300 au D7100 na lenzi ya AF-S, na sensa na betri zitamlipa. Anayetaka video za muziki, mahubiri na matangazo ya biashara asidanganywe na bei ya DSLR. Asubiri, aweke akiba, anunue Sony au mirolesi nyingine yenye tundu la maikrofoni, na ajue kwamba lenzi ya pili itachelewa.

Kwa jina lolote, mwili wa kamera usile zaidi ya nusu ya fedha. Nusu nyingine ni lenzi yenye f/1.8, flashi, betri ya pili, memori kadi mbili na mfuko unaofungwa vizuri dhidi ya vumbi. Anayemaliza fedha yote kwenye mwili na kubaki na lenzi ya 18-55 ya kwenye boksi atakuwa na kamera nzuri isiyoona usiku.

Mtumba ukaguliwe kabla ya fedha kutoka. Nikon huandika ndani ya faili la picha idadi ya mara shata ilipobonyezwa, na programu za bure huisoma. Canon nyingi za bei ya chini haziandiki, hivyo neno la muuzaji halina shahidi ndani ya picha. Shata za ngazi hii hupimwa kwa mizunguko kama 100,000. Piga picha ya anga tupu kwa f/16 uone madoa ya sensa. Weka flashi ya Kichina juu ya kamera uone kama inawaka. Duka likiwa na risiti ya EFD, idai, kwa kuwa kamera ya wizi nayo hupitia kabati zilezile.

Na aliyekwisha kupewa Nikon na shangazi aliyeko Oman asiiuze kwa hasara ili afanane na wenzake ukumbini. Tofauti ya fedha atakayoipoteza kwa dalali inatosha kununua ile lenzi ya milimita 35.